Swali Nililomuuliza Mzee Ntunga

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukatekista nilikabidhiwa vitu vitatu: Biblia iliyopoteza jalada, daftari la mistari, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa waya nje ya kanisa la Diaca, kaskazini mwa Msumbiji. Rimu ndiyo ilikuwa kengele yetu. Padre Paroko, yaani padre mkuu wa parokia, alikuwa Mmakua wa Nampula, mfupi, mwenye sauti ya kuwaita watu ng'ambo ya mto. Alinipa kipande cha chuma akasema, "Gonga, tusikie." Nikagonga mara moja, kwa aibu. "Silvestre," akaniambia, "ukigonga hivyo watakuja kuku tu." Watu wakacheka, nami nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

Ninyi mnaoshika kazi hii leo mna masomo ya Jumapili ndani ya simu. Mnamuuliza padre jambo asubuhi, mchana amejibu. Kwetu haikuwa hivyo. Kigango, lile kanisa dogo la kijijini lililo mbali na parokia, kilimwona padre mara moja kwa miezi miwili au mitatu, barabara ikiruhusu. Siku zote zilizobaki kilikuwa mikononi mwa katekista. Yeye ndiye aliyeongoza sala ya Jumapili, akafafanua neno, akazika, akapatanisha mume na mke waliorushiana sufuria. Zaidi ya yote aliwafundisha katekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Mafundisho yalichukua miaka miwili, kwa wengine mitatu. Siku ya ubatizo kila mmoja aliulizwa mbele ya watu wote kama anamkataa Shetani, na mambo yake yote. Alipaswa kujibu mwenyewe, kwa mdomo wake, ndipo maji yamwagwe.

Aliyenifunza kazi alikuwa Katekista Mkuu wa Diaca, mzee mwenye jicho moja bovu na hasira za karibu. Somo la Shetani alilipanga hivi. Kwanza Ayubu, ambako Shetani anasimama mbele ya Mungu kazi yake ni kumshitaki mtu mwema. Halafu jangwani, ambako anamjia Yesu na maandiko kichwani, tena anayasema bila kukosea. Kisha pale Yesu anapomwita baba wa uongo. Mwisho barua za mitume, zinazoonya kwamba walimu wa uongo hawatatoka mbali bali watainuka kati yetu wenyewe. "Angalia vizuri," aliniambia yule mzee. "Katika habari zote hizo hana pembe hata moja. Ana mdomo tu. Usimpambe. Ukimpamba, watu wataanza kumtafuta kwa majirani."

Niliitikia kwa heshima, lakini moyoni nilimwona mzee huyu hana ladha. Mimi nilikuwa na kipaji. Nilijua kuigiza sauti. Shetani wangu wa jangwani aliongea kwa pua kama karani wa serikali, na watu wakavunjika mbavu. Nyoka wangu wa bustanini alikuwa mpole mpaka wanawake wakasema wangelila tunda lile na wao. Nilipofundisha somo lile, hata waliokwisha kubatizwa zamani walirudi kusikiliza. Nilivimba kichwa, sifichi.

Baada ya miaka kadhaa Padre Paroko alinihamisha. Nilipelekwa kwenye kigango cha ndani, mbele ya Pundanhar, kijiji ambacho sitakitaja jina kwa sababu watu wake wameteseka vya kutosha. Barabara ya huko mnaijua. Nilikwenda kwa baiskeli na kwa miguu, nikiwa na Biblia, daftari na shuka mbili. Mke wangu Filomena alibaki Diaca na watoto kwa ajili ya shule. Tulikubaliana nitarudi kila mwezi. Mvua zilipoanza, mwezi ukawa miezi mitatu.

Upweke wa katekista wa kigango haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha mafunzo, kwa hiyo nauandika hapa. Watu wanakuheshimu, wanakuamkia, wanakuletea unga, kisha wanarudi kwao. Hawakai. Mbele ya mwalimu wa dini hawawezi kusengenya wala kunywa pombe, na mkutano wa namna hiyo haumpendezi mtu. Nilikuwa nikimaliza kula mapema nakaa mlangoni nasikiliza vicheko vya nyumba nyingine.

Mtu mmoja alikaa, naye ni Mzee Ntunga. Alikuwa mjane, mrina asali, mikono yake imejaa makovu ya moto. Mizinga yake aliitengeneza kwa magome ya miti na kuitundika mbali porini, anaifuata peke yake siku mbili tatu. Akirudi ananiletea masega kwenye jani, anakaa, hasemi kitu kwa muda mrefu. Nilimpenda kwa hilo. Halafu anauliza.

"Mwalimu, huyo Shetani wa jangwani alijua maandiko yote?"

"Alijua."

"Então, basi, alifundishwa na katekista gani?"

Alikuwa katekumeni wangu, na maswali yake yalinikera darasani jinsi yalivyonifurahisha mlangoni. Mwaka wa kwanza alipofikia kubatizwa nilimrudisha nyuma kwa sababu alikuwa bado analimwagia unga kaburi la mkewe, kama wafanyavyo wazee wetu. Mwaka wa pili unga alikuwa ameuacha, nikamrudisha tena kwa sababu ya ubishi. Hakulalamika. Alisema tu, "Pronto, sawa, nitasubiri. Miye nyuki wamenizoesha." Laiti ningempitisha mwaka ule, mengi yasingetokea.

Mwaka uliofuata simba akaingia kijijini. Alimkamata mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo, jua limeshatoka, wenzake wakimwona. Siku tisa baadaye akamchukua mzee mmoja kwenye kijito. Kwetu sisi Wamakonde, nanyi mnalijua hili hata mkijifanya hamlijui, husemwa kuna simba wa porini na kuna simba wa kutengenezwa. Huyo wa pili hutengenezwa na mtu mwenye kinyongo, akamtuma kwa jirani. Kwa hiyo simba akila mtu, swali la kwanza la kijiji haliwi yuko wapi. Swali ni wa nani.

Nilijua hayo ni mafundisho ya uongo. Naomba mlishike hili, kwa sababu ningekuwa sijui ningekuwa na la kujitetea. Nilijua pia Bwana aliulizwa swali la namna hiyo hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akalikataa swali lenyewe. Hilo ndilo somo nililopaswa kusoma Jumapili ile. Kitabu cha masomo ya mwaka kilikuwa kimeliwa na mchwa, kwa hiyo uchaguzi ulikuwa wangu. Nikachagua lile andiko la Petro linalomfananisha Ibilisi na simba anayezunguka akinguruma, akitafuta mtu wa kummeza.

Nia yangu ilikuwa kuwatia moyo. Nilitaka kusema kesheni, msiogope, huyu adui amefungwa. Lakini nilipogonga kengele asubuhi ile kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Walikuja wasiobatizwa, wakaja na Waislamu wawili wenye duka, kwa kuwa hofu haina dini. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinitazama mimi. Kipaji kikanipanda kichwani. Nilinguruma. Nilinguruma kama simba, watoto wakalia, nikasema kwa sauti nzito kwamba yule anayetuzunguka si mnyama tu, kwamba nyuma ya makucha yale yuko mshitaki, naye ana watumishi wake. Hayo maneno ya watumishi sikuyatayarisha. Yalitoka yenyewe kwa sababu watu walikuwa kimya na nilipenda kimya kile.

Tulipotoka nje mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono. Alikuwa mtu mwenye busara zake, na siku zile alikuwa hajalala.

"Kumbe hata Biblia inajua habari za simba hawa," akasema.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema hapana. Neno moja tu, na watu walikuwa bado wamenizunguka. Lakini nilikuwa natoka jasho, nimeshapongezwa na watu wanne, nikajibu, "Biblia inajua yote."

Kufikia Jumatano walikuwa wameshamtaja Ntunga. Nani anayelala porini bila kuguswa? Ntunga. Nani asiye na mke wala mtoto nyumbani? Ntunga. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya Ruvuma. Mwenyekiti alinijia asubuhi na wanaume sita.

"Mwalimu, vijana wana mawe," aliniambia pembeni. "Siye wakubwa hatutaki damu. Muulize weye, kwa Biblia. Lile swali la ubatizo, kama anamkataa Shetani. Akimkataa mbele ya watu, jambo limekwisha."

Nikakubali. Nataka mwelewe kwamba nilikubali kwa kumpenda. Niliona njia rahisi: atajibu namkataa, watu watatawanyika, jioni ataniletea asali. Kila katekumeni analijua jibu lile. Sikuona kwamba nalichukua swali la kanisa na kulifanya swali la polisi.

Walimleta mbele ya kanisa. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, maana aliambiwa anaitwa na Mwalimu. Nikafungua Biblia nikaishika mkononi, nikauliza kwa sauti ile yangu ya ibada.

"Ntunga, unamkataa Shetani?"

Alinitazama. Halafu akatazama nyuma yangu, walikosimama vijana, akanirudia.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba swali hilo huulizwa mtu anayebatizwa. Leo unanibatiza?"

"Si leo, mzee. Jibu tu."

"Maji yako wapi?"

"Mjomba, nakusihi, jibu."

"Basi sijibu," akasema taratibu. "Ukiniuliza na maji, nitajibu. Ukiniuliza na mawe, sijui nimjibu nani."

Nikamwuliza mara ya pili, nikamwuliza na ya tatu. Alinyamaza. Nami nilipofunga Biblia kijiji kikakielewa kitendo kile kama hukumu. Jiwe la kwanza lilimpiga begani. Mwenyekiti alipiga kelele, mimi nilipiga kelele, hakuna aliyetusikia. Ntunga hakukimbia. Aliondoka akitembea, mkono kichwani, shati linalowa damu, akashika njia ya kuelekea mtoni. Nyumba yake waliichoma kabla hajafika kwenye miti.

Mimi nilibaki nimesimama na Biblia. Sikumfuata. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini miguu haikwenda, na jibu ninalolipata ni kwamba niliogopa wataniuliza mimi.

Wiki zilizofuata simba aliendelea. Alikula mbuzi wa mwenyekiti, akamjeruhi mwanamume mmoja pajani, hadi walinzi wa wanyama waliotumwa na serikali walipompiga risasi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa mzee, mbavu zinahesabika, na kwenye mguu wa nyuma palikuwa na waya wa mtego uliozama mpaka mfupa. Asingeweza kumkamata hata swala. Watu wetu walikuwa ndio waliobaki anaowaweza. Niliwaonyesha watu ule waya. Mmoja akaniambia, "Ntunga ni fundi, ameficha hadi ushahidi." Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Uongo ukishapewa andiko la kuegemea, ukweli hauuangushi.

Wakati huo Padre Paroko wa zamani alikuwa amehamishwa. Aliyekuja kutuzuru alikuwa Padre Paroko mpya, mtu mpole mwenye miwani na tabia ya kuandika kila kitu.

"Nani alifundisha jambo hili?" aliniuliza.

Nikautazama mkono wake ulioshika kalamu. "Watu, Padre," nikasema. "Ni mila zao za zamani."

"Na wewe ulisema nini?"

"Niliwaomba waache."

Akaandika. Hakuna hata neno moja la uongo katika hilo la mwisho, maana kweli nilipiga kelele waache. Shetani wa jangwani naye hakukosea hata neno moja. Padre alinipa pole kwa kazi ngumu kati ya watu wagumu, na kabla mwaka haujaisha akaniita makao makuu ya parokia kuwa Katekista Mkuu. Ndiyo, nilipandishwa cheo.

Nilikaa kwenye cheo hicho miaka mingi, na kazi yangu kubwa ikawa kufundisha makatekista wapya juu ya Shetani na mafundisho ya uongo. Msicheke. Nilikuwa hodari. Niliwafundisha kupima roho, kumjua mwalimu kwa matunda yake, kuacha magugu na ngano vikue pamoja mpaka mavuno ili mtu asing'oe asichokijua. Kunguruma niliacha. Sauti za kuigiza niliziacha zote, na wanafunzi wakaniona mzee asiye na ladha. Mara moja alipita nabii wa kutangatanga, akasema mjane fulani ameficha pepo ndani ya mtungi. Nilikwenda kubishana naye hadharani, nikamshinda kwa Ayubu na kwa Yohana, mtungi tukaupindua ukatoka maharage. Watu walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

"Una nini?" Filomena aliniuliza. Aliuliza mara nyingi kwa miaka mingi. Nilimjibu kila mara kwamba ni uchovu. Aliugua, akafa Diaca akidhani alikuwa ameolewa na mtu mchovu. Hilo nalo nalibeba. Unaweza kulala na mtu miaka thelathini na kitu na bado ukawa peke yako, ikiwa una chumba kimoja ambacho humfungulii.

Kisha vita vikaja, na hivyo sina haja ya kuwasimulia. Vigango vilivunjika. Daftari zangu zote ziliungua, majina yote ya watu niliowapeleka kwenye maji. Mwanangu yuko Nampula, hupiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Mimi nilistaafu bila sherehe, maana hapakuwa na parokia ya kunistaafisha. Mpwa wangu aliniazima nyumba yake ya matofali hapa Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi. Nyumba zote zinafanana. Mwezi wa kwanza nilibisha hodi mara tatu kwenye nyumba isiyo yangu. Ina vyumba viwili zaidi ya ninavyohitaji, nami huviacha milango wazi ili pasiwe kimya sana.

Wakristo tuko wachache hapa. Tunasali chini ya kibanda cha mabati, na katekista wetu ni Celina, msichana aliyesoma, mwenye haraka na moyo mweupe. Alinigundua akanifurahia. "Papá Silvestre," aliniita, na akaanza kuniletea katekumeni wake nyumbani kila Alhamisi niwafundishe somo la Shetani. Hao ndio walikuwa wageni wangu pekee. Alhamisi nilifagia uani asubuhi na mapema, nikatandika mikeka saa mbili kabla hawajaja. Nasema hivi mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Mwaka huu Celina alikuwa akiandikisha kundi jipya, daftari mapajani, mimi nimekaa kando.

"Jina?"

"Rosa," alijibu mama mmoja wa makamo, mrefu, amejifunga kitambaa cha capulana cha kahawia.

"La baba?"

"Ntunga."

"Ntunga yupi?" nikauliza.

Akageuka. "Wa nyuki," akasema. "Weye ndiye Mwalimu Silvestre. Nimekujua tangu nilipoingia."

Alingoja wenzake waondoke. Hakukaa kwenye mkeka niliomtandikia, alisimama. Aliniambia baba yake alifika kwake, alipokuwa bado akiishi ng'ambo ya Ruvuma, na bega lililovunjika, akapona, akatundika mizinga upya. Aliishi miaka mingine sita. Mwaka ule ule wa kwanza alikwenda kanisani kuomba afundishwe.

"Alibatizwa?" nikauliza. Nililiuliza kwa pupa, kama mtu anayeomba maji.

"Hapana. Kila mwaka alimaliza masomo yote. Siku ikifika alisimama kwenye mstari na wenzake. Likifika lile swali, anatoka nje. Miaka mitano hivyo. Katekista wa kule akadhani ana jambo analificha. Tulimzika kama katekumeni. Kwenye msalaba wakaandika Ntunga peke yake, maana jina lingine hakuwa nalo."

"Hakukwambia sababu?"

"Nilimuuliza mara moja. Akasema, 'Swali lile nimeshaulizwa na mtu niliyempenda. Sasa kila nikiulizwa nasikia mawe.'"

Nililia mbele yake. Sikulia kwa ustaarabu. Alinisubiri nimalize, hakunigusa.

"Watu wa kijiji kile wako hapa watatu wanne," akasema. "Wananiita mtoto wa mwenye simba. Wanangu wanaitwa hivyo kisimani. Padre wenu alishaandika kwamba ni mila za wajinga, kwa hiyo kosa ni la wajinga, si la mwalimu. Nami nataka kubatizwa, Mwalimu. Baba alitaka. Lakini nikisimama pale nitatoka nje kama yeye, najijua."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Jibu weye kwanza. Mbele ya watu. Nikuulize miye."

Sikulala vizuri wiki nzima. Alhamisi katekumeni walipokuja niliwafundisha habari za Ayubu kwa dakika kumi nikasema naumwa. Niliangalia mikeka. Niliwaza kwamba mimi ni mzee, kwamba mambo haya yamepita, kwamba Celina atanitazamaje. Nilijiambia nitamwandikia Rosa barua. Jumamosi nikaona kwamba mawazo yote yale yalikuwa na sauti moja, nami sauti ile naijua, nimeifundisha kwa miaka arobaini: kila neno lake linaelekea kuwa kweli.

Jumapili baada ya sala nilimwomba Celina ruhusa. Nilisimama mbele ya mabati yale nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Kunguruma kwangu. Jibu nililompa mwenyekiti. Maswali matatu. Waya kwenye mguu wa simba. Kalamu ya Padre Paroko na nilichokisema. "Mzee Ntunga hakuwa na simba," nikasema. "Mwalimu wa uongo katika kijiji kile alikuwa mimi." Mzee mmoja wa kule aliinuka akatoka bila kunitazama. Wawili walibaki wameinamisha vichwa. Celina alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mtu akistaafu huwaachia wenzake neno, basi haya ndiyo niliyonayo. Msimtafute Shetani kwenye uso wa mtu, kwa kuwa mkishaanza kumtafuta huko yeye ndiye anayeshika taa. Msiogope sana mwalimu asiyejua maandiko, huyo hugundulika mapema. Mwogopeni yule anayeyajua na anayependa kimya cha watu. Na mkikosea mbele ya watu, sahihisheni siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Mimi nilichelewa zaidi ya miaka ishirini, na watu wale wametawanyika Montepuez, Metuge, Nampula, sitawapata tena. Ndiyo maana naandika. Atakayekutana nao awaambie.

Rosa alikuja mbele. Alisimama karibu kuliko katekista anavyosimama, nikaona ana makovu madogo ya moto mikononi, naye anarina.

"Silvestre," akaniita, bila ya Mwalimu, "unamkataa Shetani?"

Nyuma yake palikuwa na nyuso zote, zikinisubiri, na hakuna aliyekuwa na jiwe. Rosa hakurudia swali. Alingoja tu.

"Namkataa," nikasema.

"Na mambo yake yote?"

"Nayakataa."

"Na yale aliyosema kwa mdomo wako?"

"Hayo kwanza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa kwenye mkeka na katekumeni wenzake. Alhamisi iliyofuata walikuja wawili tu badala ya tisa, yeye akiwa mmoja wao. Alikaa karibu na mlango, akaandika yote niliyoyafundisha, akaaga akaenda. Bado hajaniambia kama amenisamehe, nami sijamuuliza.